Mafuriko Yanayomsubiri Mgeni Rasmi

Nawaonea huruma sana ninyi mnaoishi katika nchi ambazo mvua hujinyeshea tu, ardhi hutetemeka inapojisikia, na moto huwaka bila kumuuliza mtu. Kwetu maafa yana adabu. Hayaanzi mpaka mgeni rasmi afike, akae, anywe maji ya chupa, asikilize risala, kisha akate utepe. Msijisumbue kuitafuta nchi yetu kwenye ramani. Ramani mpya ilishachapwa, iko stoo, inasubiri kuzinduliwa.

Mambo yalianza hivi. Sisi ni watu wa kuzindua. Kisima kikichimbwa hakinywewi mpaka kizinduliwe. Kuna choo cha shule moja kilichokaa na kufuli mlangoni miaka na miaka, watoto wakikimbilia vichakani, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa amepata udhuru. Hakuna mzazi aliyenung'unika. Kila mtu mwenye akili anajua kwamba choo kisichozinduliwa ni kuta tu. Ndipo siku moja bungeni akasimama Mheshimiwa Mabega, wakati huo bado mbunge wa kawaida mwenye gari moja tu, akauliza: "Mheshimiwa Spika, kama vitu vizuri vinasubiri, hivi vibaya vina cheo gani hata vitangulie?"

Wabunge walipiga meza mpaka karani mmoja akadhani ni tetemeko. Sheria ya Uzinduzi wa Maafa ikapita siku hiyo hiyo, na Mheshimiwa Mabega akateuliwa kuwa Waziri wa Maafa na Sherehe. Tangu hapo hakuna janga linalotambulika kabla ya kuzinduliwa. Maji yakiingia ndani ya nyumba bila mgeni rasmi huitwa unyevu. Ardhi ikitikisika huitwa wasiwasi wa wananchi. Moto huitwa joto, na mtu haokolewi kutoka kwenye joto, mtakubaliana nami, maana joto kila mtu analo.

Mimi naitwa Chande Makame, na nilikuwa mshereheshaji wa wizara hiyo. Kila lilipozinduliwa janga, mwenye kipaza sauti nilikuwa mimi. "Itifaki imezingatiwa." "Makofi ya kilo kwa Mheshimiwa." "Tunaomba waathirika wakae upande wa jua, kivuli ni cha meza kuu." Sauti hiyo iliyosikika redioni nchi nzima ilikuwa yangu. Kazi yenyewe ina uzito kuliko mnavyofikiri, kwani kanuni inasema mgeni rasmi ni yule ambaye mshereheshaji amemkaribisha kwa jina, basi. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya mawaziri wawili kugombania mkasi kwenye moto wa soko kuu, kila mmoja akidai ndiye aliyealikwa, mpaka soko likaisha.

*

Ili wananchi wachague kwa akili mahali pa kuishi, wizara hutoa kila mwaka Jedwali la Taifa la Usalama wa Miji, lenye picha ya Mheshimiwa Waziri juu, na picha yake nyingine chini kwa wale wanaoanza kusoma kutoka chini. Namna ya kulipanga ni rahisi na ya kisayansi. Unahesabu maafa yaliyozinduliwa katika kila mji. Mji wenye mengi ni wa hatari, wenye machache ni salama.

Mwambakuu ulishika mkia mwaka baada ya mwaka. Ni mji mdogo wa kilimani, unafikika kwa lami tupu kutoka makao makuu, na una hoteli inayopika samaki wa kupaka ambaye Mheshimiwa Mabega alikuwa akimwota usingizini. Basi kila kilichotokea Mwambakuu kilizinduliwa. Mbuzi akiangukia kisimani, msafara unafika. Hema la harusi likipeperushwa, msafara unafika. Na kwa kuwa Mheshimiwa hapendi viatu vyake vishike tope, kila baada ya uzinduzi walijenga mtaro hapa, ukuta wa mawe pale, ngazi ya saruji kule. Mwambakuu ukawa na mitaro na kuta kuliko mji wowote nchini, na mkia wa jedwali ukaendelea kuwa wake.

Katikati ulikuwa Tetemo, ambako ardhi hutikisika kila msimu. Wageni rasmi huenda huko endapo baada ya mtikisiko bado kuna hoteli iliyosimama, ndiyo maana hesabu ya Tetemo hupanda na kushuka. Na kileleni, mwaka baada ya mwaka, kwa sifuri safi isiyo na doa, ulikaa mji wa Shukamto.

Mimi mwenyewe sikuwahi kusimama Shukamto na kipaza sauti hata siku moja katika utumishi wangu wote. Niliona huo ni ushahidi tosha.

*

Dada yangu Mwatumu alikuwa akiishi Mwambakuu na mama yetu, Bi Siwema. Mwatumu ni fundi cherehani, mjane, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Mama miguu yake ilikwisha zamani, lakini ulimi ulikuwa bado unatembea vizuri. Mvua moja ya vuli udongo uliteleza nyuma ya nyumba yao ukaondoka na choo. Tulikuja kukizindua, yaani kile kitendo cha choo kuondoka, na nilimwona dada yangu amekaa juani na waathirika wenzake, amevaa fulana yenye sura ya Waziri, akinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni.

Jioni yake akanipigia simu.

"Kaka, wewe uko ndani ya serikali. Niambie ukweli. Mama hawezi kukimbia. Safari ijayo udongo ukiondoka na chumba chake, mimi nitambeba nimpeleke wapi? Nataka nihame. Mji gani salama?"

"Jedwali umelisoma?"

"Nimelisoma. Linasema Shukamto."

"Basi unauliza nini, dada yangu? Wataalamu wameshakesha kwa ajili yako."

Nikasikia Mama nyuma akidai apewe simu. Akapewa.

"Chande!"

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Huo mji jina lake nani?"

"Shukamto, Mama."

"Huo mto unashukia wapi?"

"Ni jina tu, Mama. Majina ya zamani hayana maana."

"Mimi nimekuzaa nikakuita Chande kwa maana," akasema Mama. "Unaniambia watu wazima walikaa wakauita mji Shukamto, na wote walikuwa wanatania?"

Nilimweleza kwa upole kwamba mambo ya jiografia ni magumu, na kwamba sifuri ni sifuri. Nikamtafutia Mwatumu nyumba kwa simu. Mwenye nyumba alikuwa muungwana sana. Alisema kodi ni ndogo kwa sababu mji ni salama, na bustani haihitaji kumwagiliwa mwaka mzima.

*

Habari za kwanza kutoka Shukamto zilinifurahisha. Mwatumu alisema watu ni wakarimu. Kitu kimoja tu hakukielewa, kwamba nyumba zote zina mlango wa pili kwenye paa. Nikamwambia ni mtindo. Wiki iliyofuata akaniambia vitanda vya watu vimefungwa kamba juu kwenye kenchi za paa, na asubuhi majirani hawaulizani habari za nyumbani, wanaulizana, "Kwenu yamefika wapi?" Nikamwambia kila mji na mila zake. Akasema ukuta wa chumba cha Mama una mistari ya rangi ya tope, mmoja juu ya mwingine kama kitambaa cha mapazia, na ule wa juu kabisa umempita kimo yeye akiwa amesimama. Nikamwambia ni rangi ya bei rahisi.

Jirani yake alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, jina lake Bi Chausiku, muuza vitumbua. Mwatumu alipomuuliza kama mji una mafuriko, Bi Chausiku alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mafuriko? Hapa kwetu hatujawahi kupata mafuriko, mwanangu. Hapa yako maji tu, lakini marefu."

"Na watu wakizama?"

"Wanazama, ndiyo. Kwenye unyevu."

Bi Chausiku ndiye aliyempeleka kuona boti. Zilikuwa tano, nyekundu, mpya, zilizotolewa na wahisani, zimepangwa kwenye banda lililojengwa mahali palipoinuka kuliko pote mjini. Utepe mpana ulipita mbele ya banda kutoka nguzo hadi nguzo, umezifunga boti zote kwa fundo moja kubwa la maua. Utepe huo ulibadilishwa kila ulipopaukishwa na jua. Boti zenyewe hazijagusa maji tangu zifike, kwa sababu mgeni rasmi hajafika, na mgeni rasmi hajafika kwa sababu daraja la magari lilichukuliwa na maji, na kuchukuliwa kwa daraja hakujazinduliwa. Mlinzi wa utepe aliitwa Pazi, kijana mnyoofu mwenye kofia ya wizara.

Mtaniuliza, mbona watu wasikate tu? Ninyi hamtujui. Katika nchi yetu nimeona watu wakivunja kufuli za maghala. Nimeona mtu akiuza barabara ya umma kwa mita. Sijawahi kuona mwananchi akigusa utepe. Kifungo chake kinatisha, lakini si kifungo kinachomzuia mtu. Ni malezi. Mtoto wetu hufundishwa kuogopa utepe kabla hajafundishwa kuogopa moto.

*

Mvua za masika zilianza huko milimani na Mwatumu akanipigia akiwa amesimama juu ya meza.

"Kaka, maji yamefika kiunoni. Nimempandisha Mama kwenye kenchi. Wewe si unaongea na Waziri kila siku? Mwambie aje azindue. Namwomba kwa jina la Mungu, aje azindue!"

Ndiyo, niliogopa. Nisiwadanganye. Niliiona ile mistari ya tope ukutani kama niko chumbani pale, nikaukumbuka ule wa juu. Nilikimbia hadi ofisini kwa Mheshimiwa Mabega, nikamkuta anachagua tai ya sherehe ya Kombe la Mji Salama, ambalo mwaka ule, kama kawaida, lilikuwa la Shukamto. Sherehe ingefanyika Mwambakuu, kwa sababu ya barabara. Na samaki.

"Mheshimiwa, Shukamto kuna mafuriko."

Akanitazama kwa huzuni, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi wake bora aliyefeli.

"Chande. Wewe pia? Kuna nini?"

"Kuna unyevu, Mheshimiwa. Uliokithiri. Mama yangu yuko kwenye kenchi."

"Sasa mimi nikienda nikazindue, si sifuri yao itaharibika? Kombe limeshachorwa jina." Akaweka tai moja, akachukua nyingine. "Unataka kuwadhulumu wananchi wa Shukamto heshima yao kwa ajili ya mama mmoja?"

Nilisema helikopta ya wizara ingeweza kufika. Akanikumbusha kwamba helikopta haijazinduliwa. Nilisema angeweza kuzindua kwa simu. Akaniambia itifaki haipiti kwenye simu. Mwishowe nilifanya jambo ambalo sikufundishwa shuleni wala jandoni: nilipiga magoti nikalia. Mheshimiwa Mabega akaguswa. Au pengine aliguswa na katibu wake aliyemnong'oneza kwamba mahali palipo na waathirika wengi kamera huwa nyingi vilevile. Akakubali kwenda.

*

Msafara ulifika ukingoni mwa mto kesho yake, magari marefu meusi yakifuatana. Mto ulikuwa umejaa kutoka mlima hadi mlima. Ng'ambo, mji salama kuliko yote nchini ulionekana kwa paa zake. Kwenye ule mwinuko wa banda la boti watu walikuwa wamejaa, wengine juu ya bati, wengine wameng'ang'ania nguzo, maji yakiwapiga vifuani. Boti tano nyekundu zilikuwa zimeanza kuelea zenyewe, zimezuiwa na utepe. Na mbele ya utepe, maji yakimfika kifuani, alisimama Pazi na kofia yake, akilinda.

Niliwaona. Mto ulikuwa mpana lakini khanga ya njano ya Mama naijua hata ikiwa maili moja. Mwatumu alikuwa amempakata juu ya bati, pembeni kabisa mwa banda, na mkono mmoja ameshikilia kitu kiunoni. Kumbe alipokimbia nyumbani alichukua vitu viwili tu, mama yake na mkasi wake wa kazi.

Upande wetu hema lilisimamishwa, zulia likatandikwa, bendi ya wizara ikapasha tarumbeta. Nyuma ya hema pilau ilikuwa jikoni. Mheshimiwa Mabega akaketi, akanywa maji ya chupa, akauliza utepe uko wapi.

"Uko ng'ambo, Mheshimiwa," akasema katibu.

"Basi nileteeni boti moja nivuke nikakate."

"Boti hazijazinduliwa, Mheshimiwa."

"Ndiyo, si nakwenda kuzizindua?"

"Kwenda huko ni mpaka kwa boti, Mheshimiwa."

"Basi leteni boti!"

"Hazijazinduliwa, Mheshimiwa."

Walizungushana hivyo mpaka kamati ya dharura ikaundwa, ikapewa mwenyekiti, makamu na mtunza muda. Kamati ilishauri kwamba wakati ufumbuzi ukitafutwa, shughuli isisimame, na risala ya waathirika isomwe. Waathirika walikuwa ng'ambo, hivyo risala ilikuwa imeandikwa wizarani kwa niaba yao na afisa mmoja mwenye mwandiko mzuri. Vipaza sauti vikubwa viligeuzwa kuelekea mtoni ili waathirika wasikie wanachosema.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," risala ikaanza, "sisi waathirika tuna furaha isiyo kifani kukuona katika siku hii adhimu. Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba utufikishie salamu. Mheshimiwa mgeni rasmi, changamoto tulizonazo ni pamoja na..."

Msomaji alikuwa amefika kwenye shukrani kwa kamati ya maandalizi nilipomwona mama mmoja mnene akiteleza kutoka pembe ya bati. Aliteleza taratibu, bila kelele. Mwatumu alinyoosha mkono akamshika kitambaa cha kichwani, na kitambaa kikabaki mkononi mwake. Alikuwa Bi Chausiku, nilikuja kuambiwa. Maji yalimpeleka mbele ya boti tano mpya, akazipita zote, Pazi akimtazama na machozi yakimtoka, mkono wake juu ya utepe, akiulinda.

Risala ikaendelea. Watu wa meza kuu hawakuona, walikuwa wanapokea vitambaa vya kufutia mikono.

Nataka niseme wazi kilichonipata, maana baadaye magazeti yaliandika kwamba nilikuwa nimelewa. Nilikuwa na hasira. Hasira tupu, ya kuwasha masikio. Nilimkasirikia yule msomaji na mwandiko mzuri wa risala yake, nikakasirikia pilau iliyokuwa ikinukia, nikaikasirikia sauti yangu mwenyewe iliyowahi kumwambia dada yangu kwamba sifuri ni sifuri. Mama yangu alikuwa amebaki kwenye pembe ile ile ya bati. Na mkononi nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

Nikamnyang'anya msomaji nafasi, nikasafisha koo kama kawaida yangu.

"Itifaki imezingatiwa! Waheshimiwa, mabibi na mabwana, wakati tuliokuwa tukiusubiri umewadia. Naomba sote tusimame. Kwa heshima na taadhima..."

Meza kuu ikasimama. Bendi ikainua tarumbeta. Mheshimiwa Mabega akafunga kifungo cha koti na kuvuta hatua moja mbele, kwa mazoea, kuelekea mahali ambapo utepe ungekuwa kama ungekuwepo.

"...namkaribisha sasa mgeni rasmi wetu, fundi cherehani, mkazi wa Shukamto, Bi Mwatumu binti Makame, aje akate utepe. Makofi kwake!"

Bendi ilipiga. Bendi haijui majina, inajua neno "makofi". Meza kuu ilipiga makofi. Na Mheshimiwa Mabega, baada ya maisha yote ya kupiga na kupigiwa, akajikuta viganja vyake vinagongana vyenyewe, uso ukiwa bado unatafuta maana. Alipoipata, makofi yalikuwa yameshavuka mto.

Ng'ambo, Pazi alisikia. Aliitazama meza kuu, akaiona imesimama inashangilia, Waziri akiwa miongoni mwao. Mtu anataka amri gani tena? Akampigia Mwatumu saluti ndani ya maji. Akavua kofia yake, akaigeuza, akaishika kwa mikono miwili mbele ya utepe, kwa sababu mkasi wa mgeni rasmi lazima uletwe kwenye sinia, na sinia hakuwa nalo.

Dada yangu akashuka kwenye maji, akauweka mkasi kwenye kofia, akauchukua tena kama utaratibu unavyotaka. Akakata.

Mila inamtaka mgeni rasmi atoe hotuba. Mwatumu aligeuka, akawatazama watu wa mji ule, na akatoa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya taifa letu.

"Ingieni!"

*

Serikali ilipata taabu kubwa na jambo lile, na nawaonea huruma wanasheria wake. Wakisema Mwatumu hakuwa mgeni rasmi, uzinduzi unabatilika, mafuriko hayakutokea, na haieleweki watu wote wale wa Shukamto waliokolewa kutoka kwenye nini. Wakisema alikuwa mgeni rasmi, basi anastahili kiti cha mbele, ua la kifuani, na picha kwenye jedwali. Tena Waziri mwenyewe alionekana kwenye televisheni akimpigia makofi.

Hatimaye walipata njia. Mafuriko yakatambuliwa kuwa mali ya aliyeyazindua. Kwenye jedwali jipya imeandikwa kwamba Shukamto ulipata janga moja, lililosababishwa na Bi M. Makame, fundi cherehani. Mkasi wake ulichukuliwa na wizara ukawekwa kwenye kabati la kioo sebuleni, umefunikwa kwa kitambaa chekundu. Bado umefunikwa. Onyesho lile halijazinduliwa.

Binti yake Bi Chausiku alikwenda wizarani kuomba mama yake aandikwe miongoni mwa waliokufa kwa mafuriko. Walimhesabia kwa upole dakika zilizokuwepo kati ya risala na utepe. Mama yake alifariki kabla mafuriko hayajaanza. Cheti kinasema unyevu. Nilikuwepo alipopewa, nimesimama mlangoni na sanduku la vitu vyangu, maana na mimi siku hiyo hiyo nilikuwa nakabidhi kipaza sauti. Alikikunja cheti kile kidogo kidogo mpaka kikatosha ndani ya kiganja.

Mwatumu na Mama wamerudi Mwambakuu. Safari hii Mama ndiye aliyechagua nyumba. Tulimbeba kwenye kiti akatuzungusha mji mzima, mpaka tukafika nyuma ya ile hoteli, harufu ya samaki wa kupaka inapoingilia dirishani.

"Hapa," akasema.

"Mama, jedwali linasema Mwambakuu ndio mji wa hatari kuliko yote."

"Chande, mwanangu, nitazame. Mahali waziri anapopenda kula, hata sisimizi akijikwaa msafara unakuja. Nishusheni."

Na kweli. Juzi upepo uliangusha kamba ya nguo uani kwa Mwatumu, na kabla hajaokota khanga ya mwisho ving'ora vilikuwa mlangoni. Sasa kamba yake ina nguzo mbili za zege.

*

Siku hizi nasherehesha harusi. Jumamosi iliyopita bwana harusi na bibi harusi walinifuata baada ya keki, vijana wazuri wawili, amesoma huyu na amesoma yule. Waliniambia wanahamia Fukuto. Wamelinganisha miji yote kwa makini, na kwenye jedwali jipya Fukuto ndio namba moja.

"Fukuto," nikasema. "Si ule ulio chini ya mlima?"

"Ndio huo huo, mzee," akasema bibi harusi. "Hewa yake ya joto joto hivi. Mlima unatoa moshi kidogo asubuhi, unapendeza kwenye picha."

"Barabara inafika?"

"Ilikuwa inafika. Sasa ina majivu. Wanasema wataifagia, wanamsubiri mgeni rasmi."

Nilitaka kuwaeleza yote. Nikawatazama walivyoshikana mikono, wana sifuri yao mpya, safi, isiyo na doa, na nikajua nitakuwa kama Mama kwenye simu ile. Nikaenda kwa Mwatumu, aliyekuwa meza ya ndugu, nikamwomba mkasi wake mpya. Hakuuliza wa nini. Akautoa kwenye mkoba, akaufuta kwa upindo wa khanga, akanipa. Nikawapelekea.

Bibi harusi alicheka. "Mkasi, mzee? Wa kazi gani?"

"Uweke karibu na mlango," nikamwambia. "Na huko mwendako, mwanangu, msisubiri kuitwa."